Waliofuta jina la Wilde nao wapande jukwaani

Tamthilia za kesi za Oscar Wilde, mtunzi mashuhuri wa michezo ya kuigiza, zile zinazozungushwa ukumbi hadi ukumbi, hunivuta kwa sababu hazihitaji kutungiwa maneno mengi. Mahakama ilishayatoa. Ni Aprili 1895, London. Wilde amemshtaki kabaila mmoja, Markisi wa Queensberry, kwa kumkashifu kuhusu mapenzi na wanaume, na wakili wa Markisi ni Edward Carson, aliyesoma naye chuo kimoja Dublin.

Carson anaanzia kwenye umri. Wilde amesema ana miaka 39, kumbe ana 40. Baadaye anaulizwa kuhusu mtumishi mmoja kijana: je, aliwahi kumbusu? Wilde anajibu hapana, kijana mwenyewe hakuwa na sura ya kupendeza. Carson hamwachii. Kwa nini umetaja sura yake? Anauliza tena na tena, mpaka fundi wa maneno anaanza kubabaika. Mwigizaji akilipatia lile babaiko, muziki na mbwembwe za taa ni za nini?

Watazamaji wengi hutoka wakisema ulimi uliponza kichwa. Mimi sikubali. Kilichomfunga ni sheria ya 1885 iliyowaandama wanaume waliopendana, hata wakiwa faraghani. Kesi yake dhidi ya Markisi ilipoanguka, Wilde mwenyewe ndiye akashtakiwa. Kesi ya kwanza ya jinai iliisha bila wazee wa baraza kukubaliana. Akarudishwa kizimbani, na Mei 25 akahukumiwa miaka miwili jela na kazi ngumu, adhabu ya juu kabisa chini ya sheria hiyo.

Ninachodai kwa waandaaji ni hiki: watuonyeshe na watu wa jukwaa wenyewe. Wilde alipokamatwa, tamthilia zake mbili zilikuwa zinachezwa London. Katika ukumbi wa St James's, George Alexander, aliyeuendesha na kucheza mhusika mkuu, aliliondoa jina la mtunzi kwenye mabango huku maonyesho yakiendelea. Watu waliendelea kulipia na kuchekea maneno ya mtu aliyekuwa rumande! Hakimu na wakili tumeshawaona vya kutosha. Nataka kumwona Alexander akiamua, usiku ule ule anapaswa kuvaa na kutoka mbele ya watu. Wala asifanywe shetani, maana baadaye alimsaidia Wilde kwa fedha, na haki za tamthilia alizokuwa amezinunua aliziacha zirudi kwa mtoto wa Wilde.