Wali wastaafu: toleo langu, kabla chalii wa saluni hajaongeza chumvi zaidi

Naandika vidole vikiwa bado vya bluu, maana kazi yangu ni kuprinti fulana, na chalii wa saluni ya jirani kashaweka status kuhusu kazi yangu ya jana. Mpaka mchana huu watu kumi na mmoja wameniuliza wali sahani bei gani. Mmoja kauliza kama ni wa nazi. Shangazi yangu wa Usa River, ambaye simu yake ni ya tochi, naye habari zimemfikia.

Nianze na marekebisho. Si kweli kwamba nimeharibu fulana arobaini. Ni moja.

Sawa, ni nne. Tuendelee.

Wa Kaloleni hapa Arusha mnajua bomba letu lilivyo mwezi huu. Linakohoa alfajiri, linatema kikombe, linalala. Maji nanunua ya mkokoteni, dumu mia tano, na kazi yangu mimi ni kuosha. Watu wanadhani kuprinti ni wino. Wino ni robo tu! Skrini ni fremu yenye wavu uliopakwa dawa: unaichoma kwa mwanga, dawa inakomaa isipokuwa penye herufi, kisha unaiosha ili herufi zifunguke. Ukimaliza kuprinti unaosha wino. Ukitaka fremu ipokee kazi nyingine unaosha ile dawa yote mpaka wavu ubaki mtupu. Siku moja nilikinga ndoo nikapima: skrini moja, kwa mpira ulioachwa wazi, dumu tatu na kitu. Nikatafuta ndoo nyingine nikaikalia. Faida yangu yote ilikuwa inatembea mtaroni, tena ina rangi nzuri kabisa.

Nikaanza kubana. Na mwanzoni nilibana kwa akili, hili naomba liingie kwenye rekodi. Wino naukwangua wote kwa kipande cha kadi ngumu, narudisha koponi, nafuta kwa tambara mpaka wavu ubaki na kivuli, ndiyo maji yaguse. Dawa ya kufutia napaka kwa brashi, naiacha dakika chache ifanye kazi, ila siiachi ikauke, maana ikikauka hiyo fremu umeizika. Kisha namalizia kwa mashine ya kuoshea magari, mtumba, inapiga kelele kama bodaboda iliyotoboka eksozi, lakini inakula maji kidogo kuliko mpira. Dumu tatu zikawa moja. Ningeishia hapo leo ningekuwa mtu wa heshima zake.

Sikuishia hapo. Nikajenga mtambo.

Pipa la lita 200. Juu yake ndoo iliyotobolewa: kokoto, mchanga, mkaa, na chini kabisa kipande cha kanga ya mama (asiambiwe). Maji ya kuoshea skrini yanaingia ya bluu, yanatoka meupe pee. Nikayarudisha kwenye mashine, nikaosha tena. Wiki nzima naosha skrini kuukuu kwa maji yaleyale, nikapiga picha nimesimama kando ya pipa kama mkuu wa mkoa kwenye ufunguzi wa kisima. Mliipenda ile picha, msijifanye hamuikumbuki.

Kichujio hicho ni kile cha sayansi, darasa la tano. Na aliyenifundisha shikeni kidogo, anakuja.

Jana saa nne asubuhi, yupo mlangoni. Mwalimu wangu mwenyewe, wa sayansi, kastaafu, mwavuli mkononi. Nina miaka thelathini na mbili lakini mkono wangu ulikwenda wenyewe kuficha simu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nimeambiwa unaandika kwenye nguo. Mwandiko umenyooka siku hizi?"

Yeye na wastaafu wenzake wanataka fulana arobaini za Siku ya Walimu, tarehe 5 Oktoba. Kifuani WALIMU, herufi kubwa, ubavu hadi ubavu. Chini yake WASTAAFU, ndogo, katikati. Akasema atakaa aone sampuli. Akakaa kwenye kigoda changu, mwavuli magotini, miwani imeshuka puani. Mnaomjua mnaijua ile miwani.

Nikachoma skrini. Sasa kuosha. Maji safi yamebaki dumu nusu, na mimi si mtaalamu wa kubana? Nikachukua bomba la kupulizia dawa mashambani, nikaweka lita mbili hivi, nikapuliza fyuu fyuu, fremu nimeiegemeza kwa ubavu. Herufi zikafunguka. Nikaianika juani, nikarudi kupiga stori.

Kosa mafundi wenzangu mmeshaliona. Dawa isiyotoka huteremka, na mwisho wa kuteremka ndipo inapojikusanya. Upande uliokuwa chini ulikuwa wa M na U. Utando mwembamba hivi, huuoni mpaka uinue fremu uitazame kwenye mwanga, nami sikuitazama. Kisha nikaupeleka juani ukakomaa vizuri.

Nikatandika fulana nne mezani kwa mbwembwe, nikavuta skwiji, ule mpira wa kusukumia wino, nikainua, nikahamia ya pili, ya tatu, ya nne. Macho yangu yote usoni kwa mwalimu, nione anavyofurahi. Hafurahi. Anasogeza miwani. Midomo inasoma kimyakimya, kama alivyokuwa anasoma madaftari yetu.

"Wali," akasema.

Nikadhani ana njaa. Wallahi nilidhani ana njaa. Nikamwambia, "Mwalimu, pale kona kuna mama ntilie mzuri tu."

"Wali wastaafu," akasema.

Chalii wa saluni alikuwa mlangoni kuomba chaja. Toleo lake linaishia hapa. Natamani na langu lingeishia hapa.

Nikasema dakika mbili tu mwalimu, M na U zipo, zimejificha, nazitoa. Maji safi yaliyobaki hayatoshi. Lakini mtambo upo! Nikamweleza mtambo kwa fahari: kokoto, mchanga, mkaa, ulitufundisha wewe mwenyewe. Akainuka kigodani, akaja kusimama karibu aone matunda ya kazi yake. Nikawasha mashine.

Hapa naomba niende taratibu, maana usiku sijalala naiona tu.

Kwanza kilidondoka kile kipembetatu cha ndani ya A. Kidogo, cha bluu, kikashuka kwenye wavu kama chozi. Nikasema moyoni, kimoja si neno. Nikasogeza mdomo wa mashine kwenye M. M haikutoka. Ilitoka dawa iliyo kati ya L na I, zikashikana mikono. S ya WASTAAFU ikavimba. Zile A mbili zikafunguka zikawa mlango mmoja. Nikaondoa kidole kwenye kitufe, maji yakakata, lakini dawa haikukata. Ikaendelea kulegea yenyewe, kimyakimya, pembe ya juu ikajikunja, halafu ngozi nzima ikateleza chini taratibu, kama utando wa maziwa unaovutwa na kijiko, ikaanguka sakafuni: plap.

Nimeshika fremu tupu. Kupitia kwenye wavu namwona mwalimu, na mwalimu ananiona.

"Hayo maji umeyatoa wapi?"

"Ya kuoshea skrini za zamani, mwalimu. Nimeyachuja."

"Hizo skrini ulizioshea nini?"

"Dawa ya kufutia."

"Inayofuta nini?"

Nikanyamaza. Inafuta hicho kilicholala sakafuni.

"Chumvi ikishayeyuka kwenye maji, ukiyapitisha kwenye mchanga, inabaki juu?"

"Haibaki, mwalimu."

Akanitazama kinywa. Mjue nilikuwa nimetabasamu, lile tabasamu la mtu anayetaka kulia, na meno yangu ni ya Arusha halisi, ya kahawia, zawadi ya maji ya hapa kwetu.

"Mchanga ungekuwa unatoa kilichoyeyuka," akasema, "ungekuwa na meno hayo?"

Chalii wa saluni alikaa chini. Alikaa kwenye wino. Hilo kwenye status yake halimo, nashangaa.

Kilichofuata hakina hadithi: dumu kumi kwa mkopo, skrini mpya, maji safi ya kutosha, nikaitazama kwenye mwanga mara sita, nikaprinti mpaka saa tisa usiku. Pipa halijavunjwa, msinitumie pole. Limepakwa alama nyekundu, ni la kuanzia tu, kwenye skrini zinazokwenda kufutwa. Skrini mpya hailigusi, na suuzo la mwisho ni maji safi kwa kila skrini. Bado niko kwenye dumu moja na nusu.

Leo saa tatu mwalimu kaja. Kazikagua zote arobaini, moja moja, kalamu nyekundu imekaa sikioni, sikuvuta pumzi mpaka ya mwisho. Kalipa. Kisha kaonyesha zile nne nilizozificha chini ya meza niwe nazipangusia wino.

"Na hizo."

"Hizo zimeharibika, mwalimu."

"Siku hiyo tuna wapishi wanne," akasema, akazikunja akatia kwenye mfuko. "Zinawatosha."

Chalii wa saluni kaulizia kama na yeye atapata ya tano. Namwambia hapahapa mbele za watu: kwanza kafue suruali.