Benki Ina Kufuli, Wakala Ana Daftari

Duka la wakala wa benki ninalolitumia hapa Majengo, Mombasa, lina daftari moja la mistari, lile la watoto wa shule, na biki iliyofungwa kwa uzi kwenye msumari. Ukiweka au ukitoa pesa unaandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na kiasi, kisha unatia sahihi. Juzi nilipoinama kuandika, mstari wa juu yangu ulikuwa wa mama niliyempisha mlangoni. Sikukusudia kusoma, lakini macho hayana pazia. Kabla sijamaliza la kwangu nilishajua anaitwa nani, simu yake ni ipi, na kwamba ametoa elfu thelathini na tano. Naye bado hajafika stejini.

Nimelikumbuka daftari hilo kwa sababu barazani kwetu kumewaka mjadala. Jirani yetu, mzee anayeuza mchele Marikiti, alitumiwa ujumbe na benki yake: alete upya nakala ya kitambulisho, pini ya KRA, yaani nambari yake ya kodi, na maelezo ya pesa zake zinatoka wapi, la sivyo akaunti itasimamishwa. Mzee amekasirika. Akaunti hiyo anayo tangu ujana wake. Leo ndiyo wanataka kumjua?

Katika hili nasimama na benki, ingawa nusu ya baraza ilinizomea. Sheria ya mwaka 2009 ya kupambana na utakatishaji wa fedha inailazimisha benki imjue mteja wake, iweke kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka 7, na iripoti serikalini miamala inayotia shaka. Meneja wa tawi hana hiari. Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachofuatilia pesa chafu, yaani orodha ya nchi zenye kasoro za kurekebisha, na nchi ikiwekwa huko, benki za nje zinazopitisha dola huanza kuuliza maswali zaidi. Katika mji wa bandari jambo hilo halikawii kumfikia mwenye duka: anayeagiza mchele Pakistani anataka malipo yake yapite upesi, na hayapiti kama benki haiwezi kueleza yeye ni nani. Mficha uchi hazai, na mficha hesabu hapati mkopo.

Lakini hasira ya mzee ina mizizi, si ukaidi mtupu. Watu wa Pwani hawajasahau Aprili 2015, baada ya shambulio la kigaidi la Garissa, serikali ilipofungia akaunti za mashirika ya kutetea haki ya hapa Mombasa, MUHURI na Haki Africa yakiwemo. Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru akaunti hizo zifunguliwe. Aliyeyaona hayo, akiulizwa na keshia pesa zimetoka wapi, hasikii sauti ya keshia peke yake.

Basi kuuliza kuna uhalali. Baada ya mteja kujibu ndipo panapotaka kutazamwa. Wajibu wa benki kutunza siri ni wa zamani. Miaka ya 1920 mahakama ya rufaa ya Uingereza ilisikiza kesi ya Tournier: meneja wa benki alimpigia simu mwajiri wa mteja akitafuta anwani yake, ulimi ukateleza akagusia kwamba mteja anacheza kamari, na mkataba wa kazi wa mtu yule haukuongezwa. Majaji wakasema benki inaweza kutoa siri kwa njia nne tu: sheria ikilazimisha, maslahi ya umma yakidai, maslahi ya benki yenyewe yakihitaji, au mteja akikubali. Kesi hiyo ndiyo inayotajwa hata kwetu mpaka leo.

Mlango ule wa nne ndio uliopanuliwa. Ukifungua akaunti unatia sahihi fomu yenye herufi za punje za mtama, kwa Kiingereza cha mawakili, na humo ndani umeshakubali habari zako zipelekwe kwa kampuni za bima, za matangazo, za kudai madeni na kwa yeyote atakayeitwa mshirika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi na ya hiari, inamruhusu mteja kuiondoa, na anayetumia data ndiye atakayedaiwa ushahidi kwamba aliipata. Ridhaa ya mtu aliyesainishwa asichokisoma ni ridhaa ya aina gani? Kuitafsiri fomu kwa Kiswahili hakuhitaji mtambo wowote.

Benki zitajibu kwamba zimetumia pesa nyingi kulinda mitambo yao, na sina sababu ya kubisha. Lakini tapeli anayekupigia simu akijifanya yuko makao makuu hahitaji kuvunja mtambo. Anahitaji jina lako, nambari yako, na kujua kwamba jana ulitoa elfu thelathini na tano. Akikutajia hayo matatu utamwamini, na ya nne, namba ya siri, utampa mwenyewe. Yote matatu yamo daftarini. Benki Kuu ilipotoa mwongozo wa mawakala mwaka 2010 iliweka wazi kwamba benki ndiyo inayobeba dhamana ya matendo ya wakala wake. Mteja akitapeliwa, hata hivyo, huambiwa kwamba ni yeye aliyetoa namba.

Nilimweleza wakala wangu haya, na jibu lake halikuwa la kipuuzi. "Mtu akirudi kesho akisema hakupokea pesa, shahidi wangu ni nani?" Ni kweli. Bila mawakala, mtu wa Likoni angevuka feri kwa ajili ya elfu mbili, na wakala bila sahihi ya mteja ataliwa. Lakini sahihi inaweza kuwekwa kwenye karatasi ya mtu mmoja mmoja, au kipande cha kadibodi kikafunika mistari ya juu. Benki inayompa wakala mashine na bango inaweza kumpa na kadibodi.

Mbona hazifanyi? Nadhani ni hesabu tu. Faini ya Kamishna wa Ulinzi wa Data haizidi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Shule itaumia miaka. Benki ya faida ya mabilioni ingefikia dari lilelile, na isikohoe.

Mzee wa mchele amepeleka karatasi zake tawini, Barabara ya Nkrumah, huku akinung'unika. Mimi nilirudi kwa wakala nikamuuliza daftari likijaa huenda wapi. Akanionyesha kwa kidevu. Yalikuwa manne, yamefungwa kamba pamoja, yamewekwa chini mlangoni ili upepo usiufunge.