Nishati Ilipofika Magotini

Mama yangu amelima peku karibu maisha yake yote. Amechomwa miiba, amekanyaga makaa, ametolewa funza kwa pini ya nguo, na visigino vyake vimepasuka kiasi kwamba ungeweza kuficha sarafu humo. Hajawahi kutokea mtu wa kumwambia kwamba anapokea nishati ya ardhi. Ilibidi mimi mwanawe nisome, niajiriwe, nivae viatu vya ngozi miaka kumi na tano hapa Dar es Salaam, ndipo nije kuambiwa na mama mmoja wa Kizungu kwenye simu kwamba viatu ndivyo vinavyonimaliza.

Ulikuwa mwezi wa Juni. Wahasibu wenzangu hawahitaji maelezo zaidi. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, na mimi nilikuwa na shilingi elfu nane na mia tatu ambazo hazikubali kukaa upande wowote wa vitabu. Usiku silali, na nikilala naota safu za tarakimu. Basi saa nane za usiku, nikiwa naperuzi, nikamkuta huyo mama amesimama kwenye majani mabichi huko California, kafumba macho. Akasema, kwa sauti ya mtu asiyedaiwa kodi ya nyumba, kwamba dunia ina umeme wake, na sisi tumejikatia umeme huo kwa soli za mpira. Dawa ni kuvua viatu, kusimama kwenye udongo na kukumbatia mti mkubwa, kisha kungoja.

Akazitaja hatua za nishati hiyo. Kwanza utasikia mtekenyo kwenye nyayo. Halafu joto kwenye vifundo vya miguu. Halafu kitu kama mchonyoto kitapanda magotini, mapajani, kiunoni. Hapo, akasisitiza, usifumbue macho, usitikisike, jiachie kabisa. Naomba uzikumbuke hatua hizi.

Nilianzia nyumbani. Uwani kwetu kumemwagwa zege lote, umebaki mwarobaini mmoja tu karibu na ukuta wa jirani. Nikaamka saa kumi na moja alfajiri, nikavua ndala, nikaukumbatia, nikawa nanong'ona maneno niliyofundishwa. Sasa wewe fikiria. Mwanamume mtu mzima, peku, gizani, amekumbatia mti mpakani mwa nyumba ya watu, ananong'ona. Mama wa upande wa pili alikuwa ametoka kuchota maji ya kutawadha. Hakupiga kelele. Alirudi ndani taratibu, kinyumenyume, kama mtu aliyekutana na chatu.

Jioni yake mjumbe wa nyumba kumi akaja. Alikunywa chai yetu yote, akazungumzia mpira, akazungumzia bei ya sukari, kisha akamwambia mke wangu kwa upole kwamba mtaa huu ni wa watu wastaarabu, na kama kuna jambo la kifamilia linahitaji mganga basi lifanyike huko huko kwa mganga.

Mke wangu alisubiri mjumbe atoke. "Kama ni lazima ukumbatie miti," akasema, "nenda mahali ambapo hawatujui."

Ndivyo nilivyokwenda Amani. Na ndiyo, utani wa kwenda Amani kutafuta amani nimeshautaniwa ofisini mpaka umeisha ladha.

Kwa asiyepajua, Amani iko juu kwenye milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Unashuka Muheza, mji wa machungwa, halafu unapanda zaidi ya kilometa thelathini za kona, nami nilizipanda nyuma ya bodaboda nikiwa nimemkumbatia dereva kwa imani kubwa kuliko nitakayowahi kuupa mti wowote. Wajerumani waliona pazuri, wakajenga kituo chao cha utafiti mwaka 1902 na kupanda miti ya kila aina kutoka kila pembe ya dunia. Tangu 1997 msitu huo ni hifadhi ya mazingira asilia. Ukungu unaingia hadi chumbani. Mbega wanaruka juu ya kichwa chako na manyoya yao meupe yanapepea kama kanzu ya shehe aliyechelewa swala. Hata mimi mwenye elfu nane na mia tatu kichwani, nilipovuta pumzi ya kwanza nilinyamaza.

Nilipewa mwongozaji, mzee mfupi wa Kishambaa aliyevaa gambuti na koti lililokuwa zuri enzi za Mwalimu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuangalia ndege?"

"Hapana, babu."

"Vinyonga? Wazungu wanapenda vinyonga. Au yale maua ya zambarau ya kwenye majabali? Wanayafuga madirishani kwao, asili yake ni milima hii."

"Nimekuja kuungana na ardhi."

Babu alinitazama toka juu hadi chini. "Kununua shamba?"

Tulitembea karibu saa mbili. Siwezi kumsingizia: alinifundisha mengi. Alisikia hondohondo kabla mimi sijasikia hata upepo. Aliokota jani, akalifikicha, akanipa ninuse, nikanusa kafuri. Alisema mvua ya usiku ilikuwa kubwa, kwa hiyo leo nisisimame-simame ovyo. Nikaitikia kwa kichwa, nikiamini ni fumbo. Wazee wa milimani, nilijiambia, husema kwa mafumbo.

Tulipofika ukingoni, pale msitu unapopakana na mashamba ya chai, nikamwomba aniache peke yangu nusu saa.

"Haja ndogo?"

"Hapana, babu. Nataka kukaa na mti."

"Mti gani?"

"Utakaoniita."

Akafikiri kidogo. "Haya. Ukikuita, itika kwa sauti, na mimi nisikie." Akashuka zake barabarani, kwa wachuma chai waliokuwa wanapima majani yao.

Nikauona. Mrefu, umenyooka, gome lake lina mifereji kama uso wa mzee wa ukoo. Nikajua huyu ndiye. Nikavua viatu na soksi, nikavipanga vizuri, nikatembea peku juu ya majani yaliyooza, baridi na laini, nikasimama mbele yake. Nilisema shikamoo. Naam, kwa mti. Kisha nikaukumbatia, nikabandika shavu, nikafumba macho.

Dakika ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, nikaikumbuka elfu nane. Ya tatu nikahisi mtekenyo kwenye nyayo.

Jamani, nilitaka kulia. Mimi ni mtu wa risiti. Nimekwenda huko nikiwa na wasiwasi moyoni kwamba nimechoma nauli bure. Na huu hapa mtekenyo, kama alivyosema yule mama, neno kwa neno. Ukawa kwenye vifundo. Ukaanza kupanda ndani ya suruali, mwepesi, wa utaratibu, kama vidole vidogo elfu moja vinavyonipapasa kwa heshima. Nikasema, "Asante, ardhi." Ukafika magotini. Nikasema, "Karibu." Nasema ukweli mbele ya Mungu, nilisema karibu. Ukapita mapajani, ukakusanyika kiunoni na maeneo jirani, maeneo ambayo hata mkaguzi wa nje hafiki. Nikajiachia kabisa.

Kisha amri ikatolewa.

Sijui nani huitoa. Wanasema siafu hawaoni, wanafuatana kwa harufu tu, lakini walivyouma wote kwa mpigo mmoja, ungedhani kuna sajenti amepuliza filimbi. Sisi watu wa mjini tunasema Kariakoo watu wamejaa kama siafu. Nilikuwa natumia msemo huo kizembe tu. Siafu mmoja anauma kama mtu amekubana kwa koleo dogo halafu akaondoka kwenda kula akaacha koleo limekubana. Zidisha.

Niliitika. Babu aliniambia niitike kwa sauti, na niliitika.

Nilichokumbuka ni kukimbia. Mkanda ulinishinda kufungua, nikaivuta suruali pamoja na mkanda wake, ikafika magotini ikakataa kuendelea, kwa hiyo nikawa nakimbia kwa kurukaruka kama gunia katika yale mashindano ya shuleni, moja kwa moja ndani ya chai. Chai hupogolewa ibaki usawa wa kiunoni ili wachumaji waifikie. Namshukuru sana aliyekipanga kimo kile. Kwa muda fulani walichoona wale kina mama ni mwanamume aliyevaa shati zuri la mikono mirefu, akija kwao kwa mwendo wa chura, akijichapa na kuimba. Tatizo ni kwamba chai ina mwisho, halafu kuna barabara.

Nilipotokea barabarani walikuwa kama kumi na wawili, vikapu mgongoni. Kulikuwa na kimya cha sekunde moja, kile kimya cha msikitini imamu akijikwaa. Kisha mmoja akapiga kigelegele. Alidhani ni ngoma. Mwingine akaanza kupiga makofi kwa mpigo, na naapa miguu yangu iliufuata, kwa sababu siafu nao walikuwa wanauma kwa mpigo huo huo.

"Nimekusikia ukiitika," babu akasema.

Alinishika bega, akanigeuza nyuma ya mzani wa chai, akaanza kazi. "Usiwapige. Ukiwapiga wanang'ang'ania. Mmoja mmoja." Na kweli, ukimvuta, kiwiliwili kinatoka na kichwa kinabaki kimekubana, hajui kwamba amekufa, bado yuko kazini. Nimewahi kufanya kazi na watu wa namna hiyo.

Mama mmoja mtu mzima alivua kanga yake ya juu, akanitupia bila kutazama. "Jisitiri, mwanangu." Nikajifunga. Nilipogeuka wakaanza upya kucheka, wengine wakakaa chini kabisa, wameshika mbavu. Sikuelewa mpaka babu aliponisomea maandishi yaliyonikaa makalioni: Mcheza kwao hutunzwa.

"Ila yeye si wa huku," akasema mwingine akifuta machozi. "Kwa hiyo hatumtunzi."

Tulirudi kuchukua viatu. Nyekundu-nyeusi, safu nene kama mkono wa mtoto ilikuwa inatiririka chini ya mti wangu, wale wakubwa wenye vichwa vikubwa wamejipanga pembeni, mataya juu, wanalinda barabara. Nilikuwa nimesimama katikati ya barabara kuu ya watu, nikawafumbia macho, nikawakaribisha. Babu alichutama akawatazama kama mtu anayewatazama majirani. Akasema nyumbani kwao siafu wakiingia wanatoka watu, wanakaa nje na kuku wao, siafu wanamaliza mende na panya, asubuhi wameshaondoka, nyumba safi. "Hatugombani nao. Tunawapisha tu. Wewe uliwaambia nini?"

"Niliwashukuru."

Akatikisa kichwa. Nikamwuliza, kwa kutafuta heshima yoyote iliyobaki, mti ule una umri gani, maana lazima ni wa kale sana na una siri za mababu.

"Huu? Huu mhesi." Akaupiga kofi kama unavyompiga ng'ombe. "Si wa huku. Uliletwa tu kupandwa, kwao ni kule upande wa Bukoba na Uganda. Hondohondo wakayapenda matunda yake, wakamwaga mbegu kila mahali, sasa unatusumbua, unaisonga miti yetu. Unakua upesi mno. Huu nimeuona ukiwa kijiti, nimeshaoa tayari." Akanikazia macho. "Una miaka mingapi?"

"Arobaini na moja."

"Basi wenyewe ndio ulipaswa kukuamkia."

Tukiwa tunashuka alinieleza, bila kucheka safari hii, kwamba misitu ya matambiko ipo Usambara, lakini mtu haingii hivi hivi na simu yake mfukoni. Ina wazee wake, ina siku zake, na unaingia kwa shughuli inayojulikana, kama kuomba mvua. Sikuthubutu kuuliza kama inapokea wahasibu.

Usiku ule nililala kifudifudi, usingizi mzito ambao sikuupata tangu mwezi wa tatu. Mke wangu aliponiuliza kwa simu, nilimwambia tiba imefanya kazi. Sikumtajia vile vidonge viwili vya mzio vya duka la dawa.

Kesho yake Muheza, muuza machungwa alinitazama, akatazama nilivyosimama, akaongeza mawili juu ya niliyolipia. "Ya pole," akasema. Kilometa thelathini za kona, na habari ilikuwa imetangulia kufika.

Basi la Dar lilijaa. Nikapata kiti cha dirishani, ubavuni kwangu mama mwenye mtoto na kuku mmoja kwenye kikapu. Nilivaa suruali ile ile, kwa kuwa ya pili ilikuwa imelowa, na nilikuwa nimeikung'uta, naapa, mara tatu. Tulipoipita Segera, nikahisi mtekenyo mdogo juu ya goti la kushoto. Unapanda.

Nikasimama nikapiga dari. "Kondakta! Nachimba dawa!"

Abiria wakasonya, dereva akasogea pembeni, kondakta akafungua mlango akanionyesha kichaka, kizuri tu, kijani, majani mabichi yanang'aa kwa mvua. Nikasimama ngazi ya chini nikakitazama. Kisha nikamwuliza kama kuna mahali popote mbele, hata kama ni kwa kulipia, penye sakafu ya saruji.