Jamani, ondoeni mabango kwenye mnara wa askari

Mnara wa kumbukumbu hapa mjini kwetu si mkubwa, unanifika kifuani tu. Una majina ya vijana wa Keya, yaani KAR, jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki enzi za ukoloni, waliokwenda vitani wasirudi. Na sasa umegeuzwa ukuta wa matangazo! Leo mganga, kesho mgombea, keshokutwa disko.

Jana nilibeba ndoo ya maji na kisu butu nikaanza kubandua. Gundi imekauka kama ugali wa jana. Karatasi ilipotoka ilitoka na rangi ya herufi, na jina la tatu sasa limebaki "O" na "K" peke yake. Nilisimama pale nimeshika kile kipande, roho inaniuma kweli.

Kijana wa boda aliyeegemeza pikipiki yake pale, oili ikichuruzika hadi kwenye ngazi, akaniuliza kwa upole, "Mzee, kwani hili jiwe ni la nani?" Simlaumu. Nani alimwambia? Nikamweleza: mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki, wa Uganda wakiwemo, walipigana na Wajapani huko Burma, wakishuka bonde la Kabaw katika mvua na matope, malaria ikiwaandama. Amri walipewa kwa Kiswahili, hiki hiki tunachoongea stendi.

Akaisogeza pikipiki bila kuambiwa.

Nyie wa mabango, ukuta wa soko uko wazi, mita chache tu kutoka hapo. Bandikeni kule. Mimi Jumamosi narudi na brashi na rangi nyeusi.