Siku Niliyomnusuru Mjomba na Mbwa Mwitu

Mjomba wangu ameuza samaki Mombasa kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika ukoo wetu hakuna anayethubutu kubishana naye kuhusu changu, nguru au kolekole. Mimi ndiye niliyemzuia kula samaki katika mji wa bandari, kwa hoja za lugha.

Tulikuwa tumekwenda Marseille kwa harusi ya binti wa mama mdogo, ambaye aliolewa na Mngazija na kuhamia huko kama Wakomoro wengine wengi. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma Kifaransa kwa mwaka mmoja na cheti ninacho, nilikabidhiwa Mjomba nimtembeze. Siku moja kabla ya harusi, baada ya kuzurura kando ya Bandari ya Kale hadi miguu ikakataa, tuliingia mkahawani, nikafungua orodha ya vyakula, na macho yangu yakatua kwenye mstari huu: loup sauvage grillé au fenouil. Fenouil nilijua kuwa ni shamari, na grillé ni cha kuchoma. Loup tulifundishwa darasani kwa picha ya mnyama wa kijivu, masikio wima, ulimi nje. Sauvage ni -a mwitu. Nikajumlisha, nikapata mbwa mwitu wa mwituni, wa kuchoma, kwa shamari.

"Mjomba," nikanong'ona, "hapa wanapika mbwa."

"Astaghfirullah! Mbwa gani?"

"Wa mwitu."

Kwa bahati mbaya nilikuwa na maarifa ya kutosha kuukoleza upotofu wangu. Nilikuwa nimesoma kwamba mbwa mwitu walitoweka Ufaransa katika miaka ya 1930, kisha mwaka 1992 wakaonekana tena katika milima ya Mercantour, wakiwa wamevuka kutoka Italia, na kwamba tangu hapo wachungaji hawajaacha kulilia kondoo wao. Nikamweleza Mjomba kwamba ukilitazama vizuri jambo hili si la ajabu: mbwa mwitu wamekula kondoo, sasa wenye kondoo wanajilipa. Sikujiuliza mnyama anayelindwa na sheria alifikaje jikoni.

Nilimwita mhudumu ili nihakikishe, maana mwenye cheti hahukumu kwa kubahatisha. Nikamwuliza kama loup huyu ni sauvage kweli. Akajibu kwa fahari kwamba ni sauvage kabisa, kwamba ameletwa asubuhi ile ile, kwamba anauzwa kwa uzito, bei ikihesabiwa kwa kila gramu 100, na kwamba tukimwona ghali, wanao pia wa kufugwa.

"Anasemaje?" akauliza Mjomba.

"Anasema wengine wanawafuga."

Mjomba akashika kichwa. Mhudumu, akidhani tunasitasita kwa kutoamini kwamba ni mbichi, akajitolea kumleta mezani akiwa mzima, kabla hajachomwa, ili tumtazame macho. Nilipaza sauti "Non!" kwa nguvu iliyowageuza watu wa meza tatu. Kwenye meza ya jirani mama mmoja alikuwa akimbembeleza mwanawe mdogo amalize chakula huku akimwita mon petit loup, nami nikalitafsiri hilo nalo kwa uaminifu. Mjomba akamtazama yule mtoto kwa muda mrefu, kisha akasema kwa huzuni, "Tuombe viazi."

Tulikuwa katikati ya chipsi na saladi ya nyanya mhudumu alipopita na sinia, akalitua kwa jirani zetu. Juu yake alilala samaki mzima, ubavu wa rangi ya fedha ukiwa na mistari myeusi ya chuma cha jiko, pezi la mgongoni limesimama kama meno ya kitana, na kijiti cha shamari kikichungulia tumboni. "Et voilà le loup!" akatangaza.

Hapo Mjomba hakuhitaji mkalimani. Aliweka chini kiazi chake, akainama kidogo, akakagua mashavu, magamba na mkia kwa jicho lile lile analokwenda nalo mnadani alfajiri. "Mwanangu," akasema kwa upole ulioniumiza kuliko tusi, "mbona mbwa huyu ana mapezi?"

Usiku ule nilikesha na kamusi. Kumbe Warumi wa kale walikwisha kumwita samaki yule lupus, yaani mbwa mwitu. Wafaransa wa Bahari ya Kati wakalirithi jina, na Wajerumani nao wanamwita Wolfsbarsch. Wafaransa wa upande wa Atlantiki humwita bar, kwa hiyo harusi ingekuwa huko ningemtafsiria Mjomba "baa ya mwituni" na angekataa hata maji. Sauvage nalo limetoka kwenye silva, msitu wa Kilatini, kama vile mwitu wetu ulivyo msitu, ingawa kwenye orodha ya vyakula maana yake ni samaki aliyekulia baharini kwa hiari yake badala ya kulishwa kizimbani. Wajerumani wangenimaliza kabisa, kwani kwao Wild ni wanyama wa kuwindwa na nyama yao pia.

Asubuhi nilijitetea kwamba hata sisi tuna samaki aitwaye taa, na Mfaransa mwenye cheti cha Kiswahili angeweza kumkataa kwa kusema kwamba yeye hali kandili. Mjomba akajibu kwamba Mfaransa huyo angalau angelala njaa peke yake.

Mchana, pamoja na pilau ya harusi, mama mdogo alituletea loup wawili wa kupaka, nazi ikichuruzika. Nilinyoosha mkono. Mjomba akalivuta sinia upande wake, akanisogezea sahani ya chipsi.

"Huyu wa mwitu, mwanangu," akasema. "Atakuuma."