Maji Moto Juu ya Mkuyu

Mimi ni mtu wa Tanga. Hilo liwekeni akilini, maana ndilo lililoniponza.

Enzi zile tukivuka kwa kivuko cha Kigongo–Busisi, nilitumwa kijiji kimoja cha Sengerema, kule Mwanza, kuhesabu makuyu ya mkuyu mkubwa wa msitu wa kijiji. Kila kuyu ndani yake mna vijinyigu vinavyolichavusha. Bila hivyo mkuyu hauna mbegu. Shida ni kwamba utafiti wote uko juu, kwenye mwavuli wa msitu, nami kwa juu nilikuwa nimefika dari tu.

Kupitisha kamba tawini nilijaribu mara tisa, nikampiga mbuzi. Mvuvi mmoja akafunga chubwi kwenye mshipi, akavuta manati, mara moja tu. Hakusema kitu. Ingekuwa heri angesema.

Nikapanda. Juu nikakuta fundo la majani mabichi yaliyoshonwa. Sisimizi wekundu: wengine huvuta majani yakutane, wengine hushika mabuu wao midomoni na kuyashonea kwa hariri yao. Nilistaajabu kwa sekunde mbili. Kisha wakaingia shingoni, kwapani, na pasipotajika.

"Maji moto!" nikapiga yowe. Kwetu pwani ndilo jina lao. "Maji moto, jamani!"

"Nimesikia, mwanangu," akajibu mama mpishi. "Nabandika sasa hivi."

"Wananiuma!"

"Nani?"

"Maji moto!"

Chini kukawa kimya. "Jua limempanda kichwani," nikamsikia mwenyekiti wa kamati ya maliasili.

Niliteremka na tawi mkononi, sijui nililivunjaje. Kufika chini nikavua shati, nikavua suruali, mbele ya kamati nzima, nikijipiga makofi kama mtu mwenye mashetani. Hapo hapo mama akatokea na beseni linalofuka moshi, na sabuni juu.

"Ahaa! Kumbe ya kuoga."

Mwenyekiti aliliangalia lile tawi kwa muda mrefu. "Ng'wanawane," yaani mwanangu kwa Kisukuma, akasema kwa upole, "jana si wewe uliyetusomea Sheria ya Misitu ya 2002? Ukasema msitu ni wetu, sheria ndogo ni zetu, na faini haichagui mtu?"

Nikalipa elfu kumi, nimejifunga kanga ya mama. Stakabadhi ninayo hadi leo. Jina wamelikosea, lakini kosa limeandikwa vizuri: "Amevunja tawi akidai maji ya kuoga."