Dalali haingii wizarani

Mjomba wangu alishinda kesi dhidi ya Serikali. Hukumu ipo, muhuri upo, fidia imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Juzi tuliketi naye kwenye benchi la mahakama ya Milimani, Nairobi, akiipapasa bahasha yake ya kaki, pembe zimeshalegea kama kitambaa.

"Mjomba, si utume dalali tu akamate mali yao?" nikamtania.

"Dalali wa kuja kwako kubeba sofa yupo," akasema. "Wa kuingia wizarani hajazaliwa."

Ni kweli. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 40, kinakataza mali ya Serikali kukamatwa kwa deni la hukumu. Naelewa kwa nini. Nani anataka kuona ambulensi ya kaunti ikipigwa mnada? Ila aliyeshinda anabaki na cheti cha amri mkononi, karatasi ya mahakama inayoonyesha anachodai. Asipolipwa, anarudi Mahakama Kuu kuomba mandamus, amri ya kumlazimisha ofisa, kwa kawaida Katibu wa Wizara, atimize wajibu wake. Naye akipuuza, inafunguliwa shughuli ya tatu, ya kudharau mahakama.

Mandamus haikukusudiwa iwe ugali wa kila siku. Mwaka 1997, katika kesi ya Baraza la Mitihani, Mahakama ya Rufaa ilieleza mipaka yake: inamlazimisha mtu atende wajibu aliopewa na sheria, lakini sheria ikimwachia achague namna ya kuutenda, mahakama haimchagulii. Hakimu wa mahakama ya chini anayekataa kusikiliza kesi anaweza kuamriwa aisikilize. Aamue vipi, hilo ni lake. Jaji wa Mahakama Kuu haguswi kabisa kwa njia hii, maana Kifungu cha 165(6) cha Katiba kinaipa mahakama hiyo usimamizi juu ya mahakama za chini, si za ngazi yake wala za juu. Ukimlalamikia jaji, kata rufaa, au nenda Tume ya Huduma za Mahakama. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni na maofisa. Septemba 2024 Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu aliyekuwa kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Gilbert Masengeli, miezi sita jela kwa kukaidi wito wa mahakama. Tulishangilia. Baadaye akafika, akaomba radhi, adhabu ikaondolewa. Lakini hiyo ilikuwa kesi ya watu waliotoweka, kamera zimejaa. Deni la mjomba halina kamera. Kwa nini jaji anayetoa fidia asitaje palepale tarehe ya kulipa na ofisa atakayejibu isipolipwa? Bunge likitaka, hilo ni rekebisho la aya moja.

Jina la mjomba likaitwa. Wakili wa Serikali akasimama, akaomba muda apate maelekezo kutoka wizarani. Akapewa siku thelathini.

Mjomba akaifunga bahasha, akaniuliza kama nina nauli.